Sura ya Tano: Jibu Swali la Kwanza na Mengine Yoyote Mawili

Karatasi ya mtihani wa uhandisi katika chuo kikuu cha umma nchini Kenya haimtoki akilini aliyewahi kuifanya. Juu kuna nembo ya chuo, jina la kozi, namba ya somo, tarehe na muda: saa mbili. Chini yake kuna agizo ambalo wanafunzi wanalijua kabla hawajaliona: jibu swali la kwanza na mengine yoyote mawili. Swali la kwanza ni la lazima na lina alama 30. Yanayofuata, aghalabu manne, yana alama 20 kila moja. Kwa hiyo mtahiniwa anajibu ya alama 70. Zile 30 zinazobaki ameshazichuma, au zimeshampita, katikati ya muhula kwa majaribio ya darasani, kazi za kupeleka nyumbani na ripoti za maabara, mambo ambayo wanafunzi huyaita kwa jumla CAT.

Jengo likiporomoka Nairobi au ukuta wa bwawa ukibomoka, watu hulaumu namba moja tu, alama ya kupita, ambayo ni 40. Kwenye matatu na kwenye redio utasikia mtu akiuliza nani atakubali kulala kwenye ghorofa iliyochorwa na mtu aliyejua asilimia 40 ya kazi yake. Swali hilo linachekesha na kutisha kwa pamoja, lakini limemkamata asiye mwizi. Arobaini yenyewe haina neno. La kuangaliwa ni jinsi inavyokusanywa, na hapo ndipo lile agizo la juu ya karatasi linapofanya kazi yake kimyakimya.

Tulifuatilie agizo hilo mpaka Machakos. Chuo Kikuu cha Machakos kipo pembeni mwa mji, kwenye barabara iendayo Wote, na kilirithi eneo na karakana za taasisi ya ufundi iliyokuwapo hapo kwa miongo kadhaa. Mwaka 2011 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Oktoba 2016 kikapewa hati yake chenyewe. Anayesomea uhandisi hapo hukaa miaka mitano, sawa na wenzake wa Nairobi na Juja, huku rafiki yake wa shahada ya biashara akivaa joho baada ya minne. Amefika kwa alama nzuri za hisabati, fizikia na kemia katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mara nyingi ni wa kwanza katika ukoo kuitwa injinia, jina ambalo kijijini huanza kutumika siku ileile barua ya kuitwa chuoni inapofika.

Wiki ya kwanza mhadhiri huja na mpango wa kozi, karatasi mbili au tatu zilizobanwa pini. Kuna orodha ya mada kwa wiki, vitabu, na masharti. Asiyehudhuria angalau theluthi mbili ya mihadhara haruhusiwi kuketi mtihani. Maabara ni lazima. CAT ni mbili, na atakayekosa moja bila barua ya daktari au ya ofisi amejikosesha. Kikokotoo kisiwe cha kuwekewa programu. Atakayekamatwa na mwakenya, kikaratasi cha kuibia majibu, atafika mbele ya kamati ya nidhamu. Kupita ni 40, na ngazi zinapanda kwa kumi kumi: 40 hadi 49 ni D, 50 hadi 59 ni C, 60 hadi 69 ni B, na 70 kwenda juu ni A. Wastani wa miaka yote ukifika 70, shahada ni ya daraja la kwanza.

Sharti la mahudhurio tulipite upesi. Karatasi ya kusaini huzunguka darasani, na kila aliyesoma chuo Kenya anajua kuwa kalamu moja inaweza kusaini majina matatu. Penye uzito ni hesabu.

Chukua wanafunzi wawili wa kubuni, Mutua na Mwende, wote wa mwaka wa tatu, somo ni miundo. Mutua amepata 25 kati ya 30 za CAT. Nyingine zimetokana na ripoti za maabara zilizoandikwa na kundi la watu watano, ambamo mmoja alishika kipimo, mmoja akaandika, na watatu wakasaini. Nyingine ni za kazi ya nyumbani, iliyopita kwenye kundi la WhatsApp usiku kabla ya kukusanywa. Ili afikishe 40, Mutua anahitaji alama 15 kati ya 70 za mtihani, yaani nusu ya swali la kwanza peke yake. Akitaka anaweza kutoka ukumbini saa nzima kabla ya wakati. Alichokionyesha akiwa peke yake, bila rafiki na bila simu, ni kama asilimia 21 ya mtihani, na amepita.

Mwende alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo wiki ambayo CAT ya pili ilifanyika. Ana 12. Yeye anahitaji 28 kati ya 70, ambayo ni asilimia 40 kamili ya mtihani. Akizipata, transkripti itaandika D kwake na D kwa Mutua, na mwajiri wa Athi River atakayezisoma miaka miwili baadaye hatakuwa na njia ya kujua kuwa mmoja alijua karibu maradufu ya mwenzake. Zipo idara zinazodai mwanafunzi afikishe kiwango fulani katika mtihani wenyewe kabla CAT haijajumlishwa. Ninaona huo ndio utaratibu wa haki kwa fani hii, na sielewi kwa nini haujawa wa kila mahali.

Halafu lipo lile jambo la kuchagua. Maswali manne ya hiari, unajibu mawili. Maana yake mada mbili kati ya nne waweza kuziacha zilale. Katika fasihi hilo halimdhuru mtu. Aliyekwepa tamthilia akajibu ushairi hatamwangushia mtu dari. Lakini tazama boriti ya zege. Inaweza kushindwa kwa kupinda, na inaweza kushindwa kwa mkato. Boriti iliyowekwa nondo sawasawa ikizidiwa kwa kupinda hutoa onyo: hubonyea, hupasuka nyufa upande wa chini, plasta hudondoka, wenye nyumba wakatoka nje. Inayozidiwa kwa mkato hukatika ghafla karibu na nguzo, kwa ufa wa mshazari, bila kubisha hodi. Kwenye karatasi ya mtihani mada hizi mbili zina thamani moja, alama 20 na 20, na mwanafunzi asiyependa mkato anaruhusiwa na kanuni za seneti kuukwepa mwaka wa tatu, kisha wa nne. Swali la kwanza huchanganya mada zote kidogo kidogo, ndiyo, ila tumeshaona kuwa nusu yake inatosha.

Wanaotaka tuipandishe arobaini wavuke mpaka kwanza. Makerere, Kampala, kupita ni 50, na A huanzia 80. Dar es Salaam kupita ni 40, 70 ni A, na 60 ni B yenye alama ya kujumlisha. Je, mwenye 45 wa Machakos angeanguka Kampala? Hakuna ajuaye mpaka tuone karatasi mbili zikiwa zimelazwa meza moja, kwa kuwa anayetunga mtihani ndiye anayeamua uzito wa namba. Mhadhiri akiambiwa kesho kuwa kupita ni 60, atatunga maswali mepesi zaidi, au mkono wake utalegea kwenye kusahihisha, na waliopita watabaki walewale. Namba zetu zina ukoo. Chuo cha Kifalme cha Nairobi kilianza uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1961, na wanafunzi wake wa uhandisi, sanaa na sayansi wakawa wanafanya shahada za London. Mapokeo ya Kiingereza ni ya mtihani mgumu mwisho wa safari, ambao hata mwerevu hatarajiwi kupata 90. Marekani, penye utamaduni wa kugawa alama nyingi kwa kazi ndogo ndogo za kila wiki, mwenye 70 hujiona amefanya vibaya. Tulichorithi ni ngazi, na pamoja nayo mtahini wa nje, mhadhiri wa chuo kingine anayekuja kupekua karatasi na mwongozo wa kusahihisha. Huyo ndiye anayeipa 40 maana. Akija siku mbili na kupewa chai na marundo ya mabuku, 40 inabaki tarakimu.

Lakini tuseme Mutua na Mwende si D. Tuseme ni B, alama 60, daraja la pili la juu, kiwango ambacho matangazo mengi ya kazi hukitaka. Kisa kimoja kinaonyesha namba hiyo inaweza kubeba nini. Mwaka 1981, tarehe 17 Julai, watu walikuwa wamejaa ukumbini kwenye hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, wakicheza dansi. Juu yao kulikuwa na njia za kupitia watu zilizoning'inizwa kwa vyuma kutoka paani, moja ya ghorofa ya nne na nyingine ya ghorofa ya pili, ya chini ikiwa moja kwa moja chini ya ya juu. Zote mbili zilianguka. Watu 114 walikufa.

Kilichotokea kinaelezeka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mchoro wa kwanza ulionyesha vyuma virefu vinavyotoka paani mpaka chini, na kila njia ikikamata chuma kwa nati zake. Wakati wa kutengeneza, kila chuma kirefu kikabadilishwa kuwa viwili vifupi: kimoja kutoka paani hadi njia ya juu, na kingine kutoka njia ya juu hadi ya chini. Mabadiliko hayo yalikuwa na faida kiwandani, na kwenye karatasi yanaonekana madogo. Fikiria watu wawili wananing'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameishika kwa mikono yake. Sasa mwambie wa chini aiachie kamba ashike miguu ya wa juu. Kamba inabeba uzito uleule, lakini mikono ya yule wa juu inabeba watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa nati za ghorofa ya nne: mzigo wake uliongezeka mara mbili.

Wachunguzi waligundua jambo jingine, ambalo husimuliwa mara chache. Hata ule mchoro wa kwanza, kabla ya kubadilishwa, ungebeba takriban asilimia 60 tu ya mzigo ambao kanuni za ujenzi za jiji lile zilidai. Kwa ngazi yetu hiyo ni B. Baada ya mabadiliko ikashuka karibu nusu yake, chini ya alama ya kupita. Wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni katika jimbo la Missouri.

Hapa msomaji anaweza kusema: basi mhandisi apate 100 au aende nyumbani. Hapana, na fani yenyewe haisemi hivyo. Uhandisi ni kazi inayokiri kuwa mtu hajui kila kitu, ikaweka akiba. Katika BS 8110, ile kanuni ya Kiingereza ya zege ambayo vizazi vya wahandisi wa Kenya vimefunzwa, uzito wa jengo lenyewe unazidishwa kwa 1.4 na mzigo wa watu na samani kwa 1.6 kabla hujachora boriti. Zege na chuma navyo vinahesabiwa kuwa dhaifu kuliko vilivyopimwa. Akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya mchanga mbaya, fundi mchovu, na mpangaji atakayejaza chumba magunia ya simiti. Haikuwekwa ili ilipe deni la mada ambayo mtu hakuisoma. Mutua akiingia kazini na pengo lake, anaila akiba ya mpangaji.

Kusahihisha nako kuna utamaduni wake. Mkenya yeyote aliyefanya hisabati ya KCSE anaijua M1 na A1: alama moja kwa njia, moja kwa jibu sahihi. Chuo kikuu kimeendeleza mtindo huo, nami ninaupenda. Aliyeelewa hatua zote akateleza kwenye kujumlisha hastahili sifuri. Shida ya mtindo huu ni vipimo. Mwanafunzi anaandika milimita mahali pa mita, au anasahau elfu moja kati ya niutoni na kiloniutoni, jibu linatoka kubwa mara elfu, na anapoteza alama moja kati ya ishirini. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kuizunguka sayari ya Mirihi, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya kale vya pauni na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya niutoni. Njia ilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho. M1 zote wangepata. Mhadhiri anayekata alama tano kwa jibu lisilowezekana, boriti ya sebuleni yenye kina cha mita 40 kwa mfano, huchukiwa darasani, na mimi niko upande wake. Uwezo wa kuliangalia jibu na kusema hili haliwezi kuwa kweli ni sehemu ya somo.

Anayeanguka hupewa sapu. Sapu ni mtihani wa marudio, na kanuni iliyoenea ni kwamba hata akipata 78, kitakachoandikwa ni 40. Kanuni hiyo inawalinda waliopita mara ya kwanza, na hapo ina haki. Ila inasema uongo kuhusu elimu. Yule aliyeanguka, akarudi kijijini Agosti yote na kitabu, akaziba pengo lake na kupata 78, anajua somo kuliko Mutua. Transkripti inamwonyesha sawa naye, wakati mwingine chini yake. Kama lengo la alama ni kumwambia mwajiri na umma nani anajua nini, sapu yenye kofia ya 40 ni adhabu iliyovaa nguo za kipimo.

Mambo hayaishii chuoni. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na mhitimu husajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu, afanye kazi chini ya wakubwa kwa angalau miaka mitatu, kisha apimwe ndipo awe mhandisi kamili mwenye muhuri. Kwa miaka mingi bodi na vyuo vimevutana kuhusu nani mwenye neno la mwisho juu ya kozi. Wahitimu zaidi ya mia moja waliokataliwa kusajiliwa walilipeleka jambo lao mahakamani, likapanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa hukumu mwaka 2018. Katika mabishano hayo yote hakuna jaji aliyeombwa kuamua kama vijana wale wanajua kuchora boriti. Kilichobishaniwa ni mamlaka.

Mafunzo ya kazini, atachimenti, ndiyo sehemu ya tathmini isiyo na maswali ya hiari. Mwanafunzi wa Machakos huenda kwenye viwanda vya simiti na chuma vya Athi River, au kwenye kazi za barabara za kaunti, au Konza, na hubeba daftari ambalo msimamizi hulisaini kila wiki. Mhadhiri humtembelea, mara moja ikiwa bajeti ya usafiri inaruhusu. Ukiyasoma madaftari ya atachimenti utaona mwanafunzi aliyeandika "tuliendelea na kazi ya jana" siku nne mfululizo, na utaona mwingine aliyechora jinsi fundi alivyokunja nondo za mkato na kuuliza kwa nini zinakaribiana karibu na nguzo. Daftari hilo hupewa uzito mdogo kuliko linavyostahili.

Na Ukambani kuna darasa jingine, la zamani kuliko chuo. Kusini mwa mji, upande wa Utooni na Kola, wanakijiji waliokusanyika kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, wamejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu tangu miaka ya 1970. Ni ukuta wa mawe na zege unaokatiza mto. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, hadi asilimia 40 ya ujazo wake, yasikaushwe na jua. Ukuta huo unataka mambo matatu: msingi ulioshika mwamba, mabawa yaliyoingia vya kutosha kwenye kingo, na mchanga wa chembe kubwa. Kosa la bawa fupi halifidiwi na msingi mzuri. Mto utazunguka pembeni mwa ukuta, ule kingo, na ukuta utabaki umesimama katikati ya mto kama sanamu. Mwanafunzi akipelekwa huko siku moja akaonyeshwa ukuta uliozungukwa na maji, ataelewa kwa nini somo la udongo halina mada ya hiari.

Mapendekezo yangu ni mawili. Mtihani wenyewe uwe na kiwango chake cha chini, asilimia 40 ya alama za ukumbini, kabla CAT haijaguswa. Na masomo yanayobeba uhai, yaani miundo, udongo, kinga za umeme, vyombo vya mgandamizo, yasiwe na maswali ya kuchagua.

Nitaambiwa sapu zitaongezeka, na ni kweli. Mwaka wa sita ni mkopo mwingine wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na ng'ombe mwingine aliyeuzwa. Lakini upinzani mkubwa sidhani utatoka kwa wanafunzi. Kuchagua kunamlinda pia mhadhiri. Mwaka 2018 mgomo wa wahadhiri ulianza Machi na kwenda hadi Mei, na mihula ikabanwa ili kalenda ifuate. Mihula iliyobanwa haikuisha mwaka huo. Mhadhiri aliyefika mada ya sita kati ya kumi anaweza kutunga maswali matano, akajua kuwa kila aliyekaa mbele yake atapata matatu ya kujibu, na hakuna mtahini wa nje atakayegundua kuwa nondo za mkato zilikuwa za wiki ya tisa. Ondoa lile neno "yoyote" juu ya karatasi, na jambo la kwanza litakalojulikana Desemba ni mada ambazo hazikufundishwa.